Cheti cha Kuzaliwa Kisimuulize Mama Viza

Mpwa wangu anasoma Ohio, Marekani. Mkewe alimfuata kwa viza ya mke wa mwanafunzi, na mwezi wa Machi 2025 Mungu akawajalia binti. Wiki chache baadaye alinitumia picha mbili kwa WhatsApp: moja ya mtoto aliyefungwa katika blanketi jeupe lenye mistari ya waridi na buluu, nyingine ya cheti cha kuzaliwa.

"Shikamoo mjomba. Cheti kimetoka. Sasa tuko mbioni na pasipoti kabla mambo hayajageuka."

Nilikikuza kile cheti kwa vidole viwili nikakisoma chote. Jina la mtoto. Tarehe. Mji na kaunti aliyozaliwa. Jina la mama kabla ya kuolewa. Jina la baba. Saini ya msajili na mhuri. Basi. Hapana mahali panapouliza mama aliingia kwa viza gani, wala viza hiyo inakwisha lini. Karatasi nzima inasema jambo moja tu, kwamba huyu alizaliwa hapa, siku hii. Kwa miaka zaidi ya 150 jambo hilo moja limetosha kumfanya mtu raia wa Marekani.

Haraka ya mpwa wangu ina sababu. Tarehe 20 Januari 2025, siku ileile aliyoapishwa, Rais Donald Trump alitia saini agizo namba 14160. Linasema kwamba serikali ya shirikisho isimtambue kuwa raia mtoto atakayezaliwa baada ya siku 30 ikiwa mama yake yupo nchini bila kibali, au yupo kihalali lakini kwa muda tu, na baba yake si raia wala hana ukaazi wa kudumu. Hayo maneno "kwa muda tu" ndiyo yanayomkosesha mpwa wangu usingizi. Humo wamo wanafunzi, wahandisi na wauguzi wenye viza za kazi, watu wanaolipa kodi na karo na bima. Majimbo yaliyokwenda mahakamani yalikadiria kuwa watoto 150,000 hivi wangeguswa kila mwaka.

Siku tatu tu baadaye Jaji John Coughenour wa Seattle, aliyeteuliwa na Ronald Reagan, alilisimamisha agizo hilo akisema linakiuka Katiba waziwazi. Mwezi wa Juni Mahakama ya Juu ikapunguza uwezo wa majaji wa chini kuzuia maagizo ya rais nchi nzima, bila kuamua suala la uraia lenyewe. Julai jaji wa New Hampshire, Joseph Laplante, akapita mlango mwingine, kesi ya pamoja kwa niaba ya watoto wote wanaohusika, akalizuia tena. Desemba 2025 Mahakama ya Juu ikakubali kulisikiliza suala lenyewe.

Mimi si mwanasheria. Naandika kama mtu wa Pwani ya Kusini ya Kenya, niliyekulia jirani na watu waliozaliwa Kenya, wakazaa Kenya, wakazikwa Kenya, bila kuwa Wakenya. Ndiyo maana mjadala huu wa Wamarekani siwezi kuutazama kama mtu anayetazama mechi ya timu za mbali.

Sentensi inayogombaniwa ni fupi. Marekebisho ya 14 ya Katiba ya Marekani, yaliyoidhinishwa Julai 1868, yanasema kwamba watu wote waliozaliwa Marekani au kupewa uraia huko, na walio chini ya mamlaka ya nchi hiyo, ni raia. Yaliandikwa kufuta hukumu ya Dred Scott ya mwaka 1857, ambamo Jaji Mkuu Roger Taney alisema kuwa mtu mweusi ambaye wazee wake waliletwa kutoka Afrika na kuuzwa, awe mtumwa au huru, hawezi kuwa raia wa Marekani. Kuzaliwa humo hakukumsaidia. Hata wale ambao baba zao nao walizaliwa humohumo, hilo halikuwasaidia. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikapiganwa, mamia ya maelfu wakafa, na walioshinda wakaamua kwamba suala la nani ni raia lisiachwe tena mikononi mwa mtu mwenye kalamu.

Wanaolitetea agizo husema sentensi ile ilikusudiwa watumwa walioachwa huru na watoto wao, si wahamiaji. Kumbukumbu za Seneti zinawakatalia. Mwaka 1866 Seneta Edgar Cowan wa Pennsylvania alisimama akauliza kama mtoto wa Mchina aliyezaliwa California naye atakuwa raia. Aliuliza kwa hofu, akitaka wenzake washtuke. Aliyemjibu alikuwa John Conness, seneta wa California, yeye mwenyewe mhamiaji aliyezaliwa Ireland. Alisema ndiyo, watoto hao nao ni raia, na yuko tayari kuikubali hali hiyo. Kura zilipigwa baada ya jibu hilo kusikika. Hakuna aliyedanganywa.

Hoja nyingine imejengwa juu ya yale maneno "chini ya mamlaka". Wanasema mtu aliyekuja kwa muda, au aliyeingia kwa kujificha, bado mamlaka yake iko kwao alikotoka. Lakini mpwa wangu akipita taa nyekundu atapigwa faini na mahakama ya Ohio. Akiiba, jela ni ya Ohio. Kodi ya mshahara wake wa usaidizi wa maabara inakatwa kabla hajauona. Balozi hawezi kufanyiwa hayo bila nchi yake kuridhia, na ndiyo sababu watoto wa mabalozi walitolewa katika kanuni hii tangu mwanzo, pamoja na watoto wa majeshi ya adui yaliyoteka ardhi na, kwa wakati ule, watoto wa mataifa ya wenyeji wa asili waliokuwa na serikali zao, ambao walipata uraia kwa sheria ya mwaka 1924. Nashindwa kuelewa jinsi serikali inavyoweza kumkamata mtu, kumfunga, kumhukumu na kumfukuza nchini, kisha igeuke iseme hakuwa chini ya mamlaka yake.

Kisha kuna Wong Kim Ark, ambaye kila mtu anayezungumzia uraia angepaswa kumjua. Alikuwa mpishi, mzaliwa wa San Francisco, wazazi wake Wachina. Mwaka 1882 Marekani ilikuwa imepitisha sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina kuingia, na wazazi wale kwa sheria za siku zile wasingeweza kupewa uraia hata wangeishi huko miaka hamsini. Mwaka 1894 Wong alisafiri kwenda China kutembelea jamaa. Kabla ya kuondoka aliandaa hati yenye picha yake na saini za mashahidi weupe, walioapa kwamba wanamjua na kwamba alizaliwa pale. Agosti 1895 aliporudi kwa meli ya Coptic, ofisa wa forodha alimkatalia kushuka. Akashikiliwa ndani ya meli bandarini kwa miezi, akihamishwa kutoka meli hadi meli, akiutazama kwa macho mji aliozaliwa.

Tarehe 28 Machi 1898 Mahakama ya Juu ilimpa haki kwa kura 6 dhidi ya 2. Jaji Horace Gray aliona mbali. Alisema kwamba ukiwanyima uraia watoto wa wageni waliozaliwa Marekani, basi umewanyima pia maelfu ya watoto wa Waingereza, Waskoti, Waayalandi na Wajerumani ambao siku zote wamehesabiwa kuwa raia bila mtu kuuliza. Pamoja na ushindi huo, mwaka 1901 Wong alikamatwa tena El Paso, Texas, akatakiwa kuthibitisha upya kwamba yeye ni raia.

Lililonikaa moyoni katika kisa hiki ni wale mashahidi. Kijana kazaliwa hatua chache kutoka bandarini, na bado anaazima midomo ya watu wengine waseme kwamba alizaliwa.

Nawajua mashahidi hao. Nilipotimiza miaka 18 nikaenda kuomba kitambulisho, niliketishwa kwenye benchi mbele ya wazee watatu na ofisa mmoja, nikaulizwa jina la babu, jina la baba wa babu, na kaburi lake liko wapi. Nilikuwa na cheti cha kuzaliwa, lakini hakikutosha. Jina langu lilikuwa la Kiislamu na sura yangu ilimtia ofisa shaka. Mwenzangu tuliyesoma darasa moja, ambaye jina lake halikumshughulisha mtu, alijaza fomu, akaacha alama za vidole, akaenda zake kucheza mpira. Wanubi wa Kibera, Wasomali wa Garissa na Waswahili wa mwambao wanalijua benchi hilo. Ilipofika mwaka 2025 ndipo Rais William Ruto alipotangaza kuondolewa kwa upigaji msasa wa ziada, yaani mahojiano kama hayo, kwa wakazi wa kaunti za mpakani.

Na mimi nilikuwa na bahati, kwa sababu kaburi nililijua. Kule Makongeni, Msambweni, kulikuwa na fundi wa kuchonga, Mmakonde, mwanamume mpole aliyekuwa akituita sote "wajukuu". Wazazi wake walitoka Msumbiji wakati wa Mwingereza, kama Wamakonde wengi walioletwa na kazi za mashamba ya mkonge na miwa Kwale. Yeye alizaliwa hapohapo mwaka 1966. Alikuwa na mfuko wa nailoni aliouning'iniza kwenye msumari juu ya kitanda, ndani yake kadi ya kliniki iliyokuwa imelainika kama kitambaa, barua za machifu watatu waliopokezana kiti, na karatasi moja iliyomwita mgeni. Vinyago vyake viliuzwa kwenye mahoteli ya Diani, lakini pesa za M-Pesa zilipokelewa kwa simu ya jirani, kwa sababu laini haisajiliwi bila kitambulisho. Kuvuka Likoni kwenda Mombasa ilikuwa safari ya kupangwa, maana kizuizini askari anadai kipande, yaani kitambulisho. Bintiye alipofika darasa la nane mwalimu alimwambia alete cheti cha kuzaliwa ili asajiliwe mtihani. Alikaa nyumbani mwaka mzima.

Hapa kuna jambo ambalo hata Wakenya wengi hawalijui. Katiba ya uhuru ilisema kwamba aliyezaliwa Kenya baada ya tarehe 11 Desemba 1963 ni raia, ukiacha watu kama watoto wa mabalozi. Kenya ilianza na kanuni ileile ya Marekani! Mwaka 1985 Bunge likabadilisha Katiba, likataka angalau mzazi mmoja awe raia, na likayarudisha mabadiliko hayo nyuma hadi mwaka 1963. Kwa maandishi ya Katiba, yule fundi alikuwa raia hadi alipofikisha miaka 19. Kisha kalamu ikapita, na bintiye akarithi upungufu ambao hata baba yake hakuzaliwa nao.

Oktoba 2016 Wamakonde waliondoka Kwale kwa miguu kwenda Nairobi, wazee kwa akina mama, wakafika Ikulu. Rais Uhuru Kenyatta akaagiza wapewe vitambulisho. Washona, ambao wazee wao walikuja na kanisa kutoka Zimbabwe na Zambia, wakafuata mwaka 2021. Wapemba wa Kilifi wakasubiri hadi 2023. Tunawapongeza viongozi kwa hatua hizo, na inafaa, lakini tazama kilichohitajika: kila jamii itembee, ilie, ipate rais mwenye huruma na siku ya sherehe. Mwaka 2011 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto ilipotoa uamuzi kuhusu watoto wa Kinubi wa Kenya, iliona wazi kuwa kumwacha mtoto angoje hadi miaka 18 ndipo ijulikane yeye ni nani ni kumdhulumu utoto wake wote.

Najua nitakachoambiwa: mbona unawadai Wamarekani kitu ambacho nchi yako haitoi? Nasema hivi kwa sababu hiyohiyo. Sisi tulikuwa nacho tukakitupa, na gharama yake naijua kwa sura na kwa jina. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ulaya nayo huletwa kila mara kama mfano wa hekima. Uingereza iliacha kanuni hii tangu Januari 1983, Ireland ikaiacha kwa kura ya maoni mwaka 2004. Kweli. Lakini hata Uingereza iliacha mlango, mtoto aliyezaliwa humo akaishi miaka kumi ya kwanza anaweza kusajiliwa kuwa raia. Ujerumani ndiyo ilikwenda kinyume kabisa. Baada ya miongo ya kuwaita wageni watoto na wajukuu wa vibarua wa Kituruki, mwaka 2000 ilianza kuwapa uraia baadhi ya watoto wanaozaliwa humo na wazazi wa kigeni waliokaa muda mrefu.

Anayetaka kuona mwisho wa njia ambayo agizo la Trump linaifungua aitazame Jamhuri ya Dominika. Huko nako uraia ulikuwa wa kuzaliwa, isipokuwa kwa watoto wa mabalozi na wa watu "wapitao njia". Kwa miaka mingi Wahaiti waliingizwa kukata miwa, wakaoa, wakazaa, watoto wakapewa vyeti. Kisha mwaka 2013 Mahakama ya Katiba ikaamua kwamba wasio na vibali wote walikuwa wapita njia, na ikayarudisha hayo nyuma hadi mwaka 1929. Watu wazima waliokuwa wamepiga kura wakaambiwa hawakuwahi kuwa raia. Sisi tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa walipewa panga siku ya kwanza, wakakata miwa maisha yao yote, na bado wajukuu wao wakaitwa wapita njia.

Agizo la Trump halirudi nyuma, hilo lazima lisemwe. Lakini hoja yake inarudi. Kama Katiba haikuwahi kumfanya raia mtoto wa mtu asiye na kibali, basi haikumfanya raia yule wa 1995 wala yule wa 1970. Leo serikali inasema haina haja na hao. Kesho yuko rais mwingine, na hoja iko palepale mezani.

Wapo wanaonung'unikia matajiri wanaosafiri kwenda kujifungua Marekani ili mtoto apate pasipoti. Hao wapo, na dawa yao iko kwenye dirisha la viza. Tangu Januari 2020 maofisa wa ubalozi wana kanuni inayowaruhusu kumnyima viza anayesafiri kwa lengo hilo. Na mama asiye na kibali hapati kinga kwa kujifungua. Mtoto hawezi kumwombea mzazi ukaazi hadi afikishe miaka 21, na mzazi aliyeingia kwa kujificha mara nyingi hulazimika kutoka nchini na kukaa nje miaka kumi kwanza. Miaka 31 ya kungoja si chambo cha kumvuta mtu avuke jangwa.

Mimi kinachonitisha zaidi ni kile kitakachotokea wodini. Marekani huzaliwa watoto zaidi ya milioni 3.5 kila mwaka. Siku cheti cha kuzaliwa kitakapoacha kutosha, kila mmoja wa hao atahitaji mtu wa kuthibitisha wazazi wake. Kwenye sheria itaandikwa kila mmoja. Kwenye dirisha la ofisi ataulizwa mama mwenye lafudhi ya kigeni. Baba akikimbia, au akiwa hajulikani, mama atathibitishaje karatasi ambazo yeye hajawahi kuziona? Benchi lile nililokalia mimi litaletwa Ohio, na tayari tunajua ni akina nani watakaokalishwa.

Miongoni mwa wasemaji wa Kiswahili walioko Marekani wamo Wanyamulenge waliotoka Kivu Kusini, Kongo, baadhi yao manusura wa mauaji ya Gatumba, Burundi, ya Agosti 2004. Sheria ya Zaire, yaani Kongo ya leo, ya mwaka 1981 ilifuta uraia wa watu wa jamii yao na kuwataka waonyeshe kwamba mababu zao walikuwapo mwaka 1885, kabla hata ya karatasi kuwapo. Mengi yaliyofuata, kuanzia matusi ya "rudini kwenu" hadi mapanga, yalipata nguvu kutoka kwenye sentensi hiyo ya sheria. Mama wa aina hiyo akijifungua Marekani, mwanawe anaamka raia bila kuulizwa babu.  Sijui zawadi nyingine ambayo nchi imewahi kumpa mtu kwa gharama ndogo hivyo.

Pasipoti ya binti wa mpwa wangu ilitoka. Picha ilipigwa nyumbani, mtoto amelazwa juu ya shuka jeupe, mama kasimama juu ya kiti na simu, baba anatikisa funguo ili afumbue macho. Walipiga nyingi sana hadi wakapata moja. Pasipoti ya mtoto hudumu miaka mitano, kwa hiyo itakapokwisha atakuwa ameanza shule. Mpwa wangu ameiweka pamoja na cheti kwenye mfuko wa plastiki wenye zipu, na mfuko ameuning'iniza kwenye msumari chumbani, upande wa kichwa cha kitanda. Nilipouona kwenye video nilimuuliza kwa nini asiweke kabatini.

"Mjomba," akaniambia, "nataka niwe nauona."